Dizeli ya Bu Hamad Ilipokataa Kuzimika

Juzi binti yangu Rukia alinipandisha teksi ya umeme kutoka kwake Abu Hamour hadi West Bay, kwenye hoteli anakofanya kazi, na nilifika bila kujua kama tulikuwa tumeondoka. Gari halina mlio, halitetemeki, halina hata harufu. Dereva alikuwa kijana wa Kisii. Aliniona nimeinamia dashibodi kama mtu aliyeangusha miwani, akaniuliza, "Mzee, umepoteza kitu?"

"Natafuta injini," nikamwambia.

Alicheka mpaka akaipita njia ya kutokea, ikabidi tukazunguke mbali. Ijumaa iliyofuata alikuja nyumbani kwa Rukia na wenzake, mlinzi mmoja na mpishi wa Unguja, wakataka niwaeleze kazi niliyoifanya katika mji huu kabla sijastaafu na kurudi Tanga. Niliyowaambia siku ile ndiyo nayaandika hapa, kwa ajili yao na kwa ajili yenu wengine mliokuja kutafuta riziki Doha na hamjawahi kuchafua kucha kwa dizeli.

Naitwa Shekue. Kazi yangu ilikuwa injini za dizeli, na zaidi ya zote zile zenye turbo, za magari madogo ya kutembelea. Kwa Doha hiyo ilikuwa kazi ya ajabu kidogo. Huku dizeli ni ya malori, mabasi na jenereta. Mtu mwenye gari la kutembelea hutia petroli na hana habari nyingine. Kwa hiyo aliyekuja Sanaiya, kwenye mitaa ile ya magereji, na gari dogo la dizeli, alikuwa ama mgeni aliyelileta kutoka mbali au mtu mwenye mapenzi yake. Tuliwapenda wote wawili, kwa sababu hawakuwa na kwingine pa kwenda.

Ngoja niwafafanulie kidogo, maana bila hivyo hamtaelewa kilichotupata. Injini ya petroli ina plagi ya kuwashia moto. Dizeli haina. Yenyewe inaibana hewa ndani ya silinda mpaka hewa inachemka, kisha nozeli inapuliza mafuta humo, nayo yanawaka. Silinda zimepangwa mstari mmoja, moja nyuma ya nyingine, kama watu kwenye foleni ya benki. Pembeni imekaa turbo, dude la chuma lenye umbo la konokono, na ndani yake mna feni mbili kwenye mhimili mmoja. Moshi unaotoka unaizungusha ya kwanza, na ya pili inasukuma hewa ndani kwa nguvu. Hapo injini ndogo inavuta kama kubwa. Mhimili ule unaelea kwenye oili. Na shikeni hili: dizeli ikiwa na hewa na kitu chochote cha kuchoma, haina haja na ufunguo wako.

Aliyenifundisha yote hayo anaitwa Wafula, Mkenya wa Kitale. Mimi dizeli niliianzia kwenye majenereta ya mashamba ya mkonge, yeye kwenye matrekta ya mahindi. Alikuwa mrefu, mwenye masikio makubwa, na aliyatumia. Alichukua bisibisi ndefu, ncha akaiweka kwenye injini, mpini akaubana kwenye mfupa nyuma ya sikio, akafumba macho. Nozeli mbovu aliijua hivyo, na beringi iliyolegea pia. Mimi alikuwa haniiti Shekue. Aliniita Tanga.

"Tanga, sikiza. Ya tatu inakohoa."

Mwanzoni nilikuwa nasikia kelele tu. Ilinichukua muda mrefu mpaka siku moja nami nikaisikia ile ya tatu, na siku hiyo nilifurahi kama niliyepata mtoto. Msidhani alikuwa hakosei. Kuna gari alilifungua karibu lote akitafuta mlio wa chuma uliokuwa ukija na kutoweka. Akapima, akakaza, akasikiliza, akakasirika. Mwisho tukakuta kijiko cha chai cha mwenye gari kimeangukia ndani ya mlango. Wafula alikisafisha kile kijiko, tukakitumia kukorogea chai gerejini miaka yote, na mtu akianza kujisifu alipewa yeye akoroge.

Siku hizi mnachomeka mashine, inawaandikia kosa kwenye kioo. Sina ugomvi nayo. Mashine ile ingetuepusha na mengi, na kijiko kikiwemo. Ninachokikumbuka mimi ni ule ukimya wa gereji nzima pale Wafula alipofumba macho, watu wameacha nyundo, hata Msudani mwenye gereji ameshusha sauti ya simu yake.

Sasa Bu Hamad. Maana yake Baba Hamad, ndivyo wenyeji wanavyoitana, kwa jina la mtoto wa kwanza. Alikuwa Mkatari mzee, mwalimu aliyestaafu, mpole, mwenye gari la dizeli la silinda tano alilolinunua Ulaya ujanani na kuliendesha mwenyewe nchi kwa nchi mpaka nyumbani. Rangi ya gari ilikuwa kama ya maziwa ya chai. Alikuwa anakuja kwetu kumwaga oili na kubadilisha filta, na kila mara alikaa na sisi kwenye kiti cha plastiki akinywa karak, chai nzito ya viungo. Tulizungumza kwa Kiarabu cha gereji, kile cha maneno machache na mikono mingi. Mke wake, Umm Hamad, sukari ilikuwa imempofusha. Alikuwa akikaa kiti cha nyuma na dirisha wazi, akisikiliza tunavyobishana.

Safari moja alikuja gari linatoa moshi wa buluu. Wafula aliuangalia, akanusa, akachomoa bomba la mpira linaloingiza hewa, akapitisha kidole ndani. Kilitoka kinang'aa.

"Baba, turbo yako imechoka," alimwambia. "Sili za kuzuia oili zimekwisha. Oili inavuja inaingia upande wa hewa. Hii kitu itaanza kujinywa yenyewe."

"Inapatikana nyingine?"

"Doha hapana. Tutatafuta. Kwa sasa liweke nyumbani, usiendeshe."

Bu Hamad akaitikia vizuri, akaenda. Lakini siku chache baadaye Umm Hamad alikuwa na miadi ya daktari, na mzee hakutaka kumsumbua mtu. Akachomoa kijiti cha kupimia, akaona oili imepungua. Akaongeza. Akaona ni kidogo, akaongeza tena, kwa roho safi kabisa, kama anavyomjazia mgeni kikombe. Vijana, oili ikizidi ni hatari sawa na ikipungua. Inapanda, inatafuta pa kutokea, na pale palikuwa na mlango wazi: zile sili za turbo.

Aliingia kwetu asubuhi wakati wa chai, wanatoka hospitali, kutuuliza kama turbo imepatikana. Alisimama katikati ya uwanja wa gereji, akaweka gia ya kuegesha. Nikasikia injini inapandisha mlio. Nikadhani amekanyaga mafuta bahati mbaya. Mlio ukapanda tena. Ukapanda mpaka ukawa kilio. Moshi mweupe ukafunika uwanja kama ukungu, na ndani yake akatokea Bu Hamad, pindo la kanzu amelikusanya mkononi, ameuinua ufunguo juu anatuonyesha.

"Nimezima!" alikuwa akipiga kelele. "Wallahi nimezima!"

Alikuwa amezima kweli. Ufunguo anao mkononi, na injini inazidi kupiga mayowe nyuma yake. Ilikuwa haichomi dizeli tena. Ilikuwa inachoma oili yake, na kadiri inavyozunguka ndivyo turbo inavyoivutia oili zaidi. Namna hiyo haisimami mpaka oili iishe au chuma kipasuke. Na chuma kikipasuka kwa mwendo ule, vipande vyake vinatoboa boneti.

Watu walikimbia, na sikuwalaumu. Ndipo Bu Hamad akageuka, uso wake ukabadilika. "Umm Hamad," akasema. Sauti yake sikuisikia, niliona midomo.

Alikuwa bado ameketi kiti cha nyuma. Hakuona moshi, hakuona watu wanakimbia. Alijua tu kwamba gari linatetemeka na mumewe hayupo.

Nilikwenda upande wa mlango wake. Nilifungua, nikamwambia sikioni kwa nguvu, "Mama, ni mimi, fundi wa Tanga. Toka, shika mkono wangu." Akaushika kwa kitambaa cha baibui, akakaza kweli kweli, lakini hakutoka. Akauliza, "Bu Hamad yuko wapi?"

"Yuko nje, mzima. Twende, mama."

"Mwambie aseme kitu."

Bu Hamad alikuwa amekuja nyuma yangu. Akamwita mkewe kwa jina lake mwenyewe, jina la usichana ambalo hatujawahi kulisikia, na hapo ndipo alipotoa mguu. Tulimshika huku na huku tukaenda naye nyuma ya ukuta wa matairi.

Nilipogeuka nikamwona Wafula peke yake mbele ya boneti iliyo wazi. Alikuwa amelichomoa lile bomba la mpira, na tundu la turbo lilikuwa wazi linavuta hewa kwa mluzi. Msaidizi wa gereji ya jirani alitokea na tambara, ananyoosha mkono alizibe. Wafula akampiga kikumbo cha bega.

"Usitie mkono! Usitie nguo! Itakunyonya!"

Tambara lingevutwa lote ndani, na vidole nyuma yake. Alihitaji kitu bapa na kigumu. Aliangaza huku na huku, akaiona sinia ya chai juu ya pipa. Aliinyakua, vikombe vikaruka, akaibana kwenye tundu kwa viganja vyote viwili na uzito wa mwili wake wote. Sinia ilishikwa kama kwa gundi. Injini ikatikisika, ikakohoa, ikapiga kishindo kimoja ndani kabisa, ikanyamaza.

Sijawahi kusikia ukimya kama ule. Wafula alibaki ameegemea pale, hataki kuachia. Nikamwambia, "Imekufa, ndugu yangu. Achia."

"Una uhakika?"

"Nina uhakika."

Akaachia. Akaketi chini kwenye oili, akatazama vikombe vilivyovunjika, akasema, "Sasa tutakunywa chai na nini?"

Mchana ule Hamad mwenyewe, mtoto wao, alikuja kutoka ofisini. Alikuwa kijana wa heshima, na alitusalimia sote kwa mkono. Kisha akasema yaliyokuwa moyoni. "Baba, inatosha. Mama alikuwa humo ndani. Litupwe, au litiwe injini ya petroli. Ziko, zinaingia palepale."

Mtoto alikuwa na haki. Ni Umm Hamad aliyemjibu, kutoka kwenye kile kiti cha plastiki cha mumewe.

"Hamad, baba yako akirudi nyumbani mimi simuoni. Namsikia akiwa bado kwenye kona, kabla hajafika kwa jirani. Napata muda wa kujiweka sawa. Mkiweka injini ya petroli atakuwa kama wengine wote wanaopita."

"Mama, na ikirudia?"

Umm Hamad akageuza uso upande aliokuwa Wafula. "Ikirudia, fundi?"

Wafula alifuta mikono polepole. "Mama, sitakudanganya. Sijui ndani kumebaki nini. Nikiifungua nikute mkono wa pistoni umepinda, nitawaambia muizike. Nikikuta ni nzima, nitaweka turbo isiyovuja, na nitaweka kifuniko kwenye njia ya hewa, kina waya mpaka ndani kwa dereva. Ikichachamaa, unavuta waya, hewa inakatika. Mtoto wako atakuja avute mwenyewe mbele yangu."

Hamad akafikiri. "Nikivuta na isizime?"

"Basi utie injini ya petroli, na mimi nitakufungia bure."

Wakakubaliana hivyo.

Tuliifungua. Nilikuwa naogopa kutazama. Tulitoa hedi, kile kifuniko cha juu ya silinda, tukatoa pistoni moja baada ya nyingine, na Wafula kila mkono aliulaza juu ya kioo cha meza ya zamani, akachungulia kama kuna mwanga chini yake. Yote ilikuwa imenyooka. Ringi za silinda moja zilikuwa zimevunjika, na hicho ndicho kilichokuwa kishindo tulichosikia. Wafula aliipigapiga bloku, mwili wa injini, kama mtu anavyompiga ng'ombe wake mgongoni. "Wewe ni mgumu," akaiambia.

Kilichobaki ni turbo. Hapo palikuwa na mtihani, maana magari ya aina ile yalikuwa yamekwisha. Lakini Wafula alikuwa mtu wa kanisa, na kila Ijumaa, mimi nikienda msikitini, yeye alikwenda Mesaimeer, kwenye yale makanisa ambako Wakenya na Waganda hujaa. Baada ya ibada akawa anazunguka kwenye maegesho, anawauliza madereva na akina dada wa majumbani: nani amewahi kuona gari la namna hii limelala uani kwa tajiri wake? Walimcheka. Akarudi Ijumaa nyingine, akauliza tena. Dada mmoja wa Kiganda, Nakato, akamwita bwana kwa Kiganda: "Ssebo, liko moja kwetu. Lakini lina wenyewe."

Wenyewe walikuwa paka. Gari lilikuwa chini ya turubai kwa miaka, na paka alikuwa amezalia humo kizazi hadi kizazi. Bosi wa Nakato alitusikiliza, akasema chukueni mnachotaka, ila paka wasiguswe. Basi mkiniuliza kazi yangu ngumu kuliko zote Doha, ni kutoa turbo chini ya macho ya paka mwenye watoto. Wafula ana alama mpaka leo.

Ile turbo ilikuwa nzuri. Mhimili hauchezi. Tulibadilisha sili, tukaijaza oili kwa mkono kabla ya kuifunga, kwa sababu turbo ikizunguka kavu hata kwa muda mfupi imekwisha. Tulilegeza mabomba ya nozeli, tukapiga stata mpaka dizeli ikatema nje bila mapovu, tukakaza moja moja. Ya kwanza ikashika. Ya pili. Silinda zikawa zinajiunga kama waimbaji wanaochelewa kufika, mpaka zote tano zikawa kwenye mstari, na mlio ule mzito, wa kugonga taratibu, ukajaa uwanjani. Umm Hamad alikuwa amekuja. Alitabasamu tu, amegeuzia uso ukutani.

Hamad alivuta ule waya akiwa amekunja uso. Injini ikafa papo hapo. Akaiwasha tena, akavuta tena. Nadhani mara ya mwisho alikuwa anacheza tu.

Wiki zile zile Wafula alipata habari kwamba mama yake Kitale anaugua na hana wa kumtunza. Aliamua kurudi moja kwa moja. Aliniambia tukiwa tunanawa mikono, kama mtu anayesema ataenda dukani. Nilijifanya sabuni imeniingia machoni.

Bu Hamad aliposikia alikataa kabisa teksi. Alikuja mwenyewe alasiri na gari lake, Umm Hamad yuko nyuma, mimi nikakaa naye, Wafula akawekwa mbele. Mnajua, mafundi tunalipanda gari kulijaribu, macho kwenye saa, masikio kwenye kasoro. Siku ile Wafula alipanda kama abiria. Hakushika bisibisi. Alifungua dirisha, akatoa kiwiko nje, akatazama barabara mpaka tulipolipita lori, turbo ikavuta na kutoa ule mluzi wake mwembamba. Akaniangalia nyuma, akainua nyusi.

Tulifika kwenye maegesho ya uwanja wa ndege. Bu Hamad akanyoosha mkono azime. Wafula akauweka wake juu ya wa mzee.

"Baba, bado. Tumetoka mbio, turbo ina moto. Ukizima sasa, oili inasimama na kuungua ndani. Ile ya kwanza iliharibika hivyo. Wacha injini iungurume kidogo, ipoe, ndio uzime."

Alikuwa amemweleza siku ya kumkabidhi gari, lakini mzee alikuwa na mawazo mengine. Basi tukakaa, hatuna la kufanya ila kungoja chuma kipoe. Na kwa kuwa hakukuwa na la kufanya, tukazungumza. Bu Hamad alimwuliza jina la mama yake, akalirudia mpaka akaliweza. Umm Hamad alimwombea dua ya safari na ya mama, na Wafula, Mkristo wa Kitale, akaitikia amina kwa sauti kuliko mimi. Mimi nilimwambia kwamba sasa nani ataniambia ya tatu inakohoa. Akasema, "Utasikia mwenyewe, Shekue." Ndiyo mara ya pekee aliyoniita jina langu.

Injini ilikuwa inaunguruma polepole, sawasawa. Wafula alitega sikio, akatikisa kichwa, ameridhika. Akachukua begi lake miguuni.

"Haya, baba. Imepoa. Sasa unaweza kuzima."

Bu Hamad alikuwa anatazama mbele, mkono wake uko kwenye ufunguo.

"Shwayya," akasema. Bado kidogo.